Kifunikwe, Kisifukiwe

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sina ugomvi na wahenga, lakini hawakusema lolote kuhusu maji yaliyochafuka yakiwa bado chini ya ardhi. Hayo yanaweza kusafishwa, tena wakati mwingine yakiwa huko huko chini. Hilo ndilo ninalotaka kulitetea katika kurasa hizi nilizopewa na mhariri wetu, na ninamwomba msomaji anivumilie kwa kuwa itanibidi nipitie kemia kidogo. Wenzangu wa vidato vya chini wasiogope. Nitakwenda pole pole.

Jambo lenyewe ni hili. Karibu na shule yetu kuna kisima ambacho wengi wetu sisi wa kutwa tumekunywa maji yake tangu tukiwa shule ya chekechea. Tangu mvua ya masika ya mwaka jana maji hayo yananuka petroli. Ukichota mtungi ukauacha juani, unaona utando wa rangi rangi ukielea juu kama upinde wa mvua. Upande wa juu wa mteremko kuna kituo cha mafuta. Sitakitaja jina kwa sababu hakuna aliyepima na kuthibitisha kwamba tangi lake ndilo linalovuja, na mimi si hakimu. Tunachojua ni kwamba maji hushuka, hayapandi. Wazee wa mtaa waliitisha baraza, na walio wengi wakaelekea kukubaliana kwamba kisima kifukiwe kwa mawe na udongo, maneno yaishe. Kwa maoni yangu hilo litakuwa kosa kubwa. Kifunikwe, sawa. Kitiwe mfuniko wa chuma na kufuli ili mtoto yeyote asichote. Lakini kisifukiwe.

Nisieleweke vibaya, wazee wana sababu zao. Mtoto wa mama mmoja anayeuza mboga pale barabarani alikunywa maji hayo akatapika siku mbili mfululizo. Kisima kilicho wazi ni hatari, nani asiyejua? Na mzee mmoja aliyekichimba kisima hicho kwa sururu na mikono yake enzi za ujana alisimama, akavua kofia, akasema, "Wanangu, kisima hiki kimekufa. Mfu huzikwa." Nani angemjibu mzee kama huyo mbele ya watu? Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa nikiwa na sare ya shule, nikanyamaza kama maji mtungini. Kwa hivyo ninamjibu hapa kwa heshima zote. Babu, hakijafa. Kinaumwa, na daktari wake yuko ndani yake mwenyewe.

Kwanza tujiulize kisima ni nini hasa. Watu wengi hudhani kisima ni kama birika, kwamba maji yamekaa humo yakingoja kumiminwa. La hasha! Maji ya chini ya ardhi yanatembea. Yanapenya katikati ya chembe za mchanga na kokoto, pole pole, pengine mita chache tu kwa mwezi, kuelekea bondeni. Kisima ni dirisha tu la kuyachungulia yakipita. Ukikijaza mawe hujayazuia maji wala petroli iliyomo. Umefunga dirisha na mwizi angali anatembea uani. Na bondeni, hatua kama mia nne kutoka hapo, kuna kisima cha pili. Hicho ndicho mtaa mzima unachochotea sasa. Tukifukia cha juu, tutajuaje petroli imefika wapi? Tutajua siku ambayo chai ya asubuhi itanuka petroli, na siku hiyo hatutakuwa na kisima cha tatu cha kukimbilia.

Wengine watasema, ah, harufu kidogo tu ya petroli, si tutazoea? Mimi na mwenzangu wa dawati tulikaa tukapiga hesabu, na ningependa kila msomaji airudie kwa kalamu yake. Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzini, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasiwe na benzini zaidi ya miligramu 0.01 kwa kila lita. Sasa chukua lita 1 ya petroli ambayo asilimia 1 yake ni benzini. Hiyo ni mililita 10, uzito wake kama gramu 8.8, yaani miligramu 8,800. Gawanya kwa 0.01. Jibu ni lita 880,000. Kwa mitungi yetu ya lita 20 ni mitungi 44,000. Kutokana na lita moja tu ya petroli! Bila shaka si benzini yote itakayoingia majini, nyingine hupaa hewani, lakini hata ukiikata hesabu hiyo kwa nusu, na nusu tena, bado inatisha. Isitoshe, zile tembe za klorini tunazogawiwa wakati wa kipindupindu hazitusaidii hapa. Klorini huua viini, na petroli si kiini.

Basi tufanye nini? Zipo njia mbili za kawaida. Moja ni kuchimba udongo wote uliolowa na kuupeleka mbali kwa malori, na hapo unauliza, mbali wapi, kwa nani? Nyingine ni kuvuta maji kwa pampu miaka nenda miaka rudi, kuyasafisha juu, na kuyarudisha. Zote mbili zinafanya kazi, na zote mbili zinakula pesa kama moto wa nyika. Sisemi ziachwe. Ninasema kuna njia ya tatu ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja barazani, na njia hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Tukisikia neno bakteria tunawaza kuhara na homa ya matumbo. Kumbe wapo bakteria ambao petroli kwao ni kama ugali! Wako udongoni siku zote, hata sasa wako chini ya kisima chetu, na hakuna aliyewaalika. Swali ni moja. Kama wapo, na petroli ipo, mbona hawaimalizi?

Fikiria matatu. Matatu hubeba abiria, huwashukisha stejini, ikarudi kubeba wengine. Ukiifunga steji, matatu itajaa na kusimama pale pale hata kama abiria wanangoja barabarani kwa mamia. Kila kiumbe kinapokula hutoa elektroni kutoka kwenye chakula chake, zile chembe zenye chaji hasi tulizofundishwa. Elektroni hizo ndizo abiria, na ni lazima zishukishwe mahali. Sisi binadamu huzishukisha kwa oksijeni, ndiyo maana tunavuta pumzi. Lakini chini ya ardhi, petroli ikishaingia, bakteria huimaliza oksijeni iliyoko kwa muda mfupi sana. Kuanzia hapo wamezungukwa na chakula chungu nzima lakini steji imefungwa. Wanakula kidogo kidogo tu, au hawali kabisa.

Hapo wengine hutafuta steji za uchochoroni. Wapo wanaoshukisha elektroni zao kwa naitreti, wapo wanaozishukisha kwa salfeti, na wapo wa ajabu zaidi wanaozishukisha kwa kutu ya chuma iliyomo mchangani. Mnamo mwaka wa 1987 mwanasayansi Mmarekani, Derek Lovley, alimpata bakteria wa namna hiyo katika matope ya Mto Potomac karibu na Washington. Baadaye jamaa zake wakapewa jina la Geobacter. Yaani kijidudu kinachopumua kwa kutu! Ukiyastaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Kwamba jambo hili si hadithi za abunuwasi, kuna mahali pamepimwa kwa miaka zaidi ya arobaini. Panaitwa Bemidji, katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Tarehe 20 Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka hapo likamwaga lita milioni 1.7 hivi. Wenyewe waliyazoa, wakayachoma na kuyavuta walivyoweza, lakini lita kama 400,000 zilibaki ardhini. Sasa angalieni walichofanya. Hawakupafukia na kwenda zao. Tangu mwaka wa 1983 wanasayansi wa serikali yao wamepageuza mahali hapo kuwa shule, wakachimba visima vidogo vidogo vya kupimia, kila kimoja dirisha, na wakawa wanachungulia mwaka baada ya mwaka. Waliyoyaona ni makubwa. Hadi mwaka wa 1996, miaka 17 baada ya ajali, uchafu ulioyeyuka majini ulikuwa umesogea mita 200 hivi tu, ingawa maji yenyewe yalikuwa yametembea mbali zaidi. Ni nani aliyeuzuia? Bakteria wa udongoni. Mwaka wa 1989 Lovley na wenzake walionyesha kwamba huko Bemidji wale wanaopumua kwa chuma walikuwa wakizila kemikali za jamii ya benzini bila oksijeni yoyote.

Lakini, na hapa ndipo utamu wa mambo ulipo, waliona pia kwamba kutu ile si hazina isiyoisha. Chuma kilicho karibu kikishaliwa, kazi hupungua na uchafu husogea mbele kutafuta chuma kingine. Tena chuma hicho kinapoyeyuka huachilia sumu ya aseniki iliyokuwa imekishikilia, nayo ikaingia majini. Steji ya uchochoroni ina taabu zake.

Hapa ndipo inapoingia elektrodi. Usitishwe na jina. Ni kijiti cha kupitisha umeme, na kinachotumika sana ni cha grafaiti, yaani ule weusi unaoandika ndani ya penseli. Kijiti kimoja kinateremshwa chini kwenye maji machafu. Waya unakiunganisha na kijiti cha pili kilicho juu karibu na hewa. Bakteria wanajibandika kwenye kijiti cha chini na kuzimwaga elektroni zao humo. Zinapanda kwa waya hadi juu, zinakutana na oksijeni, na kinachotokea hapo ni maji. Badala ya kuhangaika kuiteremsha oksijeni chini, unazipandisha elektroni juu. Umewajengea bakteria steji mpya, na steji hiyo haiishi kama kutu inavyoisha, kwa kuwa kijiti hakiliwi. Kinapitisha tu.

Kwamba vijidudu hutoa umeme si habari ya juzi. Mwingereza mmoja, M. C. Potter wa Durham, alionyesha hivyo mwaka wa 1911. Watu wakaliona kama kichekesho cha maabara. Ilipofika mwaka wa 2010, Lovley na wenzake walichukua matope yaliyochafuliwa na mafuta, wakachomeka vijiti vya grafaiti, na kemikali hizi hizi za jamii ya benzini zikaliwa upesi kuliko pale palipokosekana kijiti. Kuna jambo jingine nililolipenda. Grafaiti ina tabia ya kuzinasa kemikali za petroli kwenye ngozi yake. Hivyo chakula, mlaji na steji vyote vinakutana mahali pamoja. Kama si riziki hiyo ni nini?

Umeme wenyewe ukigeuzwa njia, mambo nayo hugeuka. Katika mji wa Rifle, Colorado, palikuwa na kinu cha kusaga mawe ya urani kando ya mto, na urani ikabaki imeyeyuka katika maji ya chini. Urani haiwezi kuliwa ikaisha, lakini ikipewa elektroni huacha kuyeyuka na kutulia kama mchanga. Mwaka wa 2002 wataalamu waliwapa bakteria wa hapo asetati, ndugu wa siki, kama chakula. Geobacter wakaongezeka mno na katika baadhi ya visima urani ikashuka chini ya kiwango kilichowekwa kwa siku 50 hivi. Kisha bakteria wa aina nyingine wakainyakua asetati, na urani ikaanza kupanda tena! Basi mwaka wa 2005 Lovley na mwenzake walijaribu kwa elektrodi maabarani. Kijiti ndicho kilichotoa elektroni, urani ikaganda juu yake, na kijiti kikaweza kutolewa pamoja na urani yake. Tofauti ni kwamba sumu haikubaki ardhini, ilitoka. Hata naitreti, ile inayoingia visimani kutoka vyooni na kwenye mbolea na kuwadhuru watoto wachanga, inaweza kupewa elektroni na kijiti kupitia kwa bakteria, mwisho wake ikawa naitrojeni, gesi hii hii iliyojaa hewani. Hilo linatuhusu sana sisi tuliochimba choo hatua kumi kutoka kisimani. Nitanyamaza, mhariri asije akasema nimetoka nje ya mada.

Sasa nisije nikaambiwa ninasimulia ya Wazungu tu. Muhula wa pili watu watano wa chama chetu tulijaribu, kwa ruhusa ya mwalimu wa fizikia. Tulitwaa mikebe miwili ya plastiki, tukaijaza matope meusi yanayonuka kutoka kwenye kijito nyuma ya uwanja. Tukavunja betri kuukuu za redio tukatoa vile vijiti vyeusi vya kaboni vya katikati, tukavisugua na kuviosha. Kijiti kimoja tulikizika ndani ya matope, kingine tukakiacha juu kwenye maji, tukaunganisha waya na mita. Siku ya kwanza sindano ilitikisika tu. Baada ya majuma mawili ilisoma volti 0.3. Mwalimu akatukata maini, akasema huenda ni kutu ya waya tu inayofanya hivyo, si bakteria. Nasi tukauchukua mkebe wa pili, ambao matope yake tulikuwa tumeyachemsha kwa muda mrefu kabla ya kuyatia, vijiti vile vile, waya ule ule. Wenyewe ulisoma chini ya volti 0.1. Mwalimu hakusema kitu. Aliinama akaisoma mita mara ya pili, kisha akatuambia tuandike tarehe.

Sidai kwamba tumesafisha kitu. Volti 0.3 haiwashi hata balbu ya tochi. Ninadai tu kwamba bakteria hao hawako Marekani peke yake, wako hapa kwenye matope tunayokanyaga tukienda michezoni.

Mwalimu wangu wa kemia aliposoma rasimu ya makala haya aliandika kwa wino mwekundu, "Usiwauzie watu ndoto." Sawa, Mwalimu. Nitaeleza na mipaka yake. Kwanza, njia hii bado iko zaidi kwenye maabara na kwenye majaribio madogo madogo ya nje. Hakuna duka mjini utakaloingia ukasema nipe kijiti cha kusafisha kisima. Pili, ni ya pole pole. Hesabu kwa miezi na miaka, si kwa siku. Tatu, mkono wa kijiti haufiki mbali. Kinawahudumia bakteria waliokizunguka karibu, kwa hivyo mahali papana panahitaji vijiti vingi. Nne, petroli yenyewe inayoelea juu ya maji sharti ivutwe kwanza, na tangi linalovuja lizibwe kwanza, kwani ni mwendawazimu tu anayedeki sakafu na mfereji uko wazi. Tano, si kila sumu inayopokea au kutoa elektroni. Ile floridi ya Bonde la Ufa inayoyatia meno ya watu rangi ya kahawia haisikii dawa hii hata kidogo.

Ukiyajumlisha hayo, mtu atauliza, sasa unatetea nini? Ninatetea dirisha. Njia yoyote itakayotumika, iwe ni pampu, iwe ni bakteria peke yao kama Bemidji, iwe ni vijiti, itahitaji mahali pa kuteremshia kitu na mahali pa kupimia. Kisima tulichonacho ni shimo lililokwisha kuchimbwa na jasho la wazee wetu, katikati kabisa ya uchafu. Kwingine watu hulipa pesa nyingi kuchimba shimo kama hilo ili wapime. Sisi tunataka kulipa watu walijaze mawe!

Tena kuna upande wa haki ambao haukuguswa barazani. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 43 kinataja maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inakubali kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na inaruhusu mchafuzi aamriwe kuyarudisha mazingira kama yalivyokuwa. Ni maneno mazuri. Lakini utamwambia nini hakimu ukiwa umefukia ushahidi wako mwenyewe kwa mawe? Tuwaangalie wenzetu wa Thange kule Makueni. Mwaka wa 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba kubwa la kutoka Mombasa, yakaingia kwenye mto na kwenye visima vyao. Miaka 10 ikapita kabla ya mahakama kutoa uamuzi wa fidia mwaka wa 2025. Miaka kumi! Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa tayari anajua kusoma na kuandika. Na pale palikuwa na bomba linalojulikana na kila mtu. Sisi hatujui hata tangi ni lipi. Bila dirisha, bila vipimo, bila tarehe zilizoandikwa, tutakwenda mahakamani tukiwa na nini? Na pua zetu?

Kuna mwenzangu wa Kidato cha Nne, mjuzi wa kubishana, aliyeniambia kuwa kisima kilichobaki wazi kinaweza chenyewe kuwa njia ya kupitisha uchafu zaidi, mvua ikinyesha na maji ya barabarani yakiingia. Hoja hiyo ni ya kweli na ninamshukuru. Ndiyo maana sikusema kiachwe hivi hivi. Ukingo wake uinuliwe kwa saruji, maji ya mvua yasiingie. Juu kitiwe mfuniko wa bati zito wenye kufuli, ufunguo ukae kwa chifu na wa pili kwa shule. Kiandikwe kwa rangi nyekundu, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba maji haya hayanyweki. Fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni ameshakuja na futi yake akapima mdomo wa kisima. Bei aliyotaja ni ndogo kuliko ile ya malori mawili ya mawe.

Nina ombi kwa chama chetu na kwa chama cha sayansi pia. Tuache kugombania ukumbi kila Ijumaa, tufanye jambo hili pamoja. Wao wana mita na chupa, sisi tuna lugha. Kila mwisho wa mwezi wanafunzi wawili, mwalimu akiwepo, wachote chupa moja kutoka kisima cha juu na moja kutoka cha bondeni, waandike tarehe, kina cha maji, harufu na utando. Pua si kipimo cha benzini, najua, na hakuna atakayeonja. Lakini kumbukumbu za mwaka mzima zitamfanya afisa wa maji wa kaunti ashindwe kutuambia kwamba tunaota. Yeye ndiye mwenye maabara ya kupima benzini, na sisi ndio wa kumpa sababu ya kuifungua. Na ikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu anatafuta mahali pa kujaribu vijiti vya grafaiti, aje, shimo lipo.

Baraza la pili litakaa Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufunguliwa muhula wa kwanza, saa nne asubuhi, pale chini ya mkuyu. Wazazi wetu wengi watakuwepo. Mzee aliyekichimba kisima atakuwepo pia, ameniambia mwenyewe nilipokwenda kumwamkia, na akaniuliza kama ni kweli kwamba huko Minnesota hawakufukia. Nikamwambia ni kweli, Babu, hawakufukia. Akauliza mfuniko utatengenezwa kwa bati la geji gani.